Choo cha wageni: feni haizuii harufu ya shimo

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya ukarabati wa nyumba, ipo Kimara, na stoo iliyo pembeni ya korido nataka niigeuze choo cha wageni, kiwe na choo cha kukaa, sinki na shawa. Chumba ni mita 2.2 kwa 1.5, ukuta mrefu mmoja ni wa nje upande wa mashariki, mlango unatokea korido. Fundi wangu anasema choo kiegemee ule ukuta mfupi wa kusini ili mgeni akifungua mlango asikione, halafu bomba lipite chini ya korido mita 7 likaunge kwenye bomba la choo cha zamani. Amelifukua kakuta lipo sentimita 35 tu chini ya sakafu, kwa hiyo anataka ainue sakafu ya bafu sentimita 10. Chemba ya nje ipo mita 4 kutoka ukuta wa mashariki lakini anasema huko tutang'oa pevingi bure. Harufu nisiwe na wasiwasi, ataweka feni kubwa. Nimechanganyikiwa, nianzie wapi? (Msomaji, Kimara)

JIBU: Marahaba. Naomba nianze na feni, mengine tutayafikia, kwa sababu hii habari ya feni naikuta karibu kila nyumba ninayoitwa na sijui ni nani aliyetuanzishia. Feni inatoa hewa nje, sawa, sasa hiyo hewa ikitoka si lazima nyingine iingie kushika nafasi yake? Mlango umefungwa, dirisha umefunga kwa ajili ya mbu, hewa itaingilia wapi? Itaingilia kwenye tundu la sakafuni kama halina maji, na huko chini kuna chemba, kile kishimo chenye mfuniko ambapo bomba zinakutana, na shimo la maji taka. Yaani umenunua mashine na unailipia umeme ikuvutie harufu ya shimo mpaka sebuleni. Feni ni ya mvuke wa shawa na ya harufu ya mtu aliyetoka kutumia choo muda huo, basi, usiipe kazi isiyo yake.

Harufu ya shimo inazuiwa na maji. Maji kama sentimita 5 tu. Kwenye choo ni yale unayoyaona yametulia, chini ya sinki yapo kwenye ile shingo iliyopinda, na sakafuni yapo ndani ya floo trapu, yaani lile tundu la kutolea maji, pale kile kikombe kilichogeuzwa kinapozama. Maji yakiwepo harufu haipiti, yakiondoka inapita, hakuna siri nyingine na hakuna dawa nyingine. Sasa choo cha wageni kina tatizo ambalo choo chako cha kila siku hakina, nalo ni kwamba hakitumiki. Maji yanakauka.

Niliwahi kuitwa Tabata kwa mzee mmoja, choo chake cha wageni kinanuka mpaka wageni wanaombwa watumie cha chumbani. Alishabadilisha feni mara mbili, alishamwaga mafuta ya taa, alishauziwa dumu la dawa ya shimo na kijana mmoja, na siku naingia mimi kuna fundi ameshapiga mistari ya chaki kwenye tailizi anataka kuvunja atafute bomba lililopasuka. Nikainama na tochi ya simu nikafunua kichujio cha sakafuni. Pakavu, na ndani kuna utando wa buibui. Utando wa buibui kwenye kitu kinachotakiwa kujaa maji! Shawa ile mara ya mwisho iliogewa sikukuu ya Idi. Nikamwaga maji nusu ndoo, nikadondosha kijiko kimoja cha mafuta ya kula juu yake ili yasikauke haraka, nikafungua dirisha, nikamwambia mzee tuonane kesho. Kesho yake harufu hamna. Na mzee naye akaona kazi ya nusu ndoo hailipwi, akanipa nauli.

Hiyo ni ya kukauka, inatibika bure. Ngumu ni ile ya kuvutwa, na hiyo ndo inagusa ramani yako. Ukivuta maji ya choo, yale maji yanashuka bombani kwa kishindo na nyuma yake yanavuta hewa. Kama kuna bomba la hewa, yanavuta hewa ya juu ya paa na mambo yanaisha. Kama halipo, yanavuta kupitia kwenye sinki na sakafuni, unasikia glu glu glu, na ile sentimita 5 yako inanyonywa inaenda na maji ya choo. Umefanya usafi asubuhi, mgeni kaingia mara moja, jioni kunanuka. Mafundi wengi watakwambia bomba la hewa ni la shimo tu na shimo lako tayari linalo. Sio kweli, hewa ya shimoni iko mbali, bafu linataka ya kwake hapo hapo karibu. Na wapo wengine, hawa ndo wananimaliza kabisa, maji ya shawa yakienda taratibu wanang'oa kile kikombe cha floo trapu wanakitupa. Maji yanaenda mbio kweli, mteja anafurahi, fundi analipwa anaondoka, na wiki hiyo hiyo mteja anaenda kununua feni.

Sasa njoo kwenye chumba chako. Bomba la choo ni inchi 4 na linataka mteremko wa sentimita 2.5 kila mita. Mita 7 za fundi wako ni sentimita 17 na nusu. Ongeza nafasi ya elbo na bomba lenyewe chini ya choo, hapo haipungui kama sentimita 25. Jumla sentimita 42 na ushee, na ye kakuta bomba la zamani lipo 35. Ndo maana anataka kuinua sakafu, sio urembo, hesabu imemkataa. Na hata hizo 10 anazoinua ni za kubana bana, nakuhakikishia kati ya korido na bafu kuna sehemu atalilaza bomba flati, na bomba likilala flati maji yanatangulia, mzigo unabaki.

Halafu sakafu ya bafu kuwa juu ya korido ni kinyume kabisa. Bafu linatakiwa liwe chini kidogo, hata sentimita 2 au 3, ili siku tundu limeziba maji yabaki humo humo yasikimbilie kwenye zulia. Na wageni wenyewe ni akina nani? Ni mama mkwe, ni shangazi katoka mkoani, usiku taa hazijui, anatoka na miguu ina maji anakutana na ngazi ya sentimita 10 ambayo hakuitegemea. Mimi ngazi ya namna hiyo siweki hata nikilipwa mara mbili. Zaidi ya hapo, kule chini ya korido ataunga kwa tii (kiungo cha pembe mraba) badala ya wai (cha mshazari), hakuna chemba, siku limeziba utavunja korido. Na kuna jambo mafundi hawaulizi: hapa Dar kibla ni kaskazini, choo kikiegemea ukuta wa kusini mtu anakaa ameielekea. Kama wewe haikuhusu, wageni wako wapo inaowahusu, na hawatakwambia, watabana mpaka warudi kwao.

Kwa hiyo geuza. Vitu vyote vitatu vipange kwenye ule ukuta mrefu wa nje. Mwisho kabisa, mbali na mlango, shawa ichukue sentimita 90 upana wote wa chumba. Katikati choo, mgongo kwenye ukuta wa mashariki, na kutoka katikati ya choo acha sentimita 38 kila upande, chini ya hapo mtu mnene anakaa kama yuko kwenye kiti cha katikati cha daladala. Zinazobaki ni kama sentimita 54, hapo inakaa sinki ndogo ya sentimita 40 au 45, na mlango wako uutoboe uangaliane nayo. Mgeni akifungua kinachomkabili ni sinki na kioo, choo kiko pembeni, ile haja ya fundi wako ya kukificha imetimia bila kupitisha bomba chini ya korido. Choo kina urefu wa karibu sentimita 68, chumba 150, mbele ya magoti zinabaki zaidi ya 80, raha mustarehe. Mlango wa sentimita 70 unatosha ila ufungukie nje, mtu akianguka ndani na mlango unafungukia ndani utausukuma unambana yeye mwenyewe.

Na choo nunua cha kutolea ukutani, sio cha kutolea sakafuni. Tundu lake la nyuma linakuwa kama sentimita 18 juu ya sakafu, unatoboa ukuta, bomba linatoka nje hapo hapo, linashuka chini ya ardhi na kwenda chembani mita 4, mteremko sentimita 10, kwisha. Hukati jamvi, yaani zege la sakafu, kwa ajili ya choo hata inchi moja. Linalopita chini ya sakafu ni la shawa tu, la inchi 2, na hilo halihitaji kina kikubwa. Funua mfuniko wa chemba upime mwenyewe kwa futi, ukihesabu kutoka usawa wa sakafu utakuta pako chini kuliko hizo 35, kama bomba la zamani linamwaga humo humo. Bomba la hewa la inchi 2 lipandishe ukuta wa nje nyuma ya choo mpaka lipite paa, juu weka wavu, lisiishie karibu na dirisha.

Choo kinunuliwe na kiletwe ndani KABLA fundi hajatoboa. Kila mara nawaambia na kila mara nakuta tundu limeshatobolewa kwa kukisia. Zile 18 zinapimwa kutoka juu ya tailizi, sasa fundi anapima kutoka kwenye jamvi tupu, baadaye inakuja zege ya kusawazisha na gundi na tailizi, sakafu imepanda sentimita 4 au 5, tundu halioni choo wala choo hakioni tundu, ndo unakuta wanaunga na kipande cha mpira wamekifunga kwa waya na silikoni juu. Miezi mitatu hakifiki.

Kampira ka kuchambia kakae mkono wa kulia wa aliyekaa, mnajua sababu. Chini ya shawa ongeza koki fupi ya kujazia ndoo maana maji yakikatika shawa ni pambo. Kama utaweka shawa ya umeme hiyo inakula karibu wati 5,000, iwe na waya wake na swichi yake kwenye boksi la swichi na iwe na athi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), na aifunge fundi umeme, sio huyu huyu wa bomba kwa sababu ana bisibisi.

Kinachonichosha mimi ni kwamba watu wanaanza na tailizi. Mtu ananitumia picha kwenye simu, sinki ya kioo, ukuta mweusi, taa za kubadilika rangi, namuuliza chemba iko wapi ananiambia hiyo fundi atajua. Fundi hajui! Fundi anajua njia isiyo na kuchimba. Akiona pevingi anakwambia tutazing'oa bure, lakini kuvunja korido sio bure? Na hawa wa madumu ya dawa wanaopita mitaani ndo balaa kabisa, unauziwa dawa ya kuua harufu, kumbe mara nyingi ni dawa kali ya kusafishia, inaua wadudu wanaokula uchafu shimoni, shimo linajaa mapema, unawaita wenye gari la kunyonya, na aliyekuuzia dumu hapokei simu. Mtu akikwambia harufu inatibika kwa kitu cha kumwaga ambacho sio maji, muulize kwanza kama amefunua tundu la sakafuni akaangalia ndani.

Kabla ya tailizi hata moja kuwekwa, mwambie fundi afanye haya ukiwa umesimama hapo. Mteremko apime kwa mpira wa maji, ule mpira unaoonyesha ndani uliojazwa maji, kutoka ukutani mpaka chembani, asiniletee habari za jicho. Azibe bomba upande wa chemba, ajaze maji, yalale usiku kucha, asubuhi muangalie kama yameshuka. Azibue, amwage ndoo nzima kwa kishindo kwenye bomba la choo huku wewe umeinama na tochi kwenye tundu la shawa. Maji ya humo yakitikisika kidogo ni sawa, yakinyonywa na kulia glu glu bomba la hewa halifanyi kazi, asiendelee.

Pevingi wakati wa kuzing'oa zipigwe namba kwa chaki mstari kwa mstari na zipangwe pembeni kwa mpangilio huo huo, mchanga wake uwekwe kwenye viroba. Mita 4 vijana wawili wanachimba asubuhi, mchana bomba limelala, na kesho yake maji yakishapimwa zinarudi.