Umeme wa moyo umekatika, mbona mama bado yu hai?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 71, amezimia mara mbili. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, imeonyesha mapigo 36 kwa dakika, tukaambiwa umeme wa moyo umekatika kati ya juu na chini. Umeme huo unatoka wapi? Na kama umekatika, mbona bado yu hai?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Wengi hudhani umeme huo unatoka kwenye ubongo. Sivyo, moyo hujitengenezea wenyewe. Kwenye chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, kuna kifundo cha seli zisizotulia. Sodiamu huzipenya taratibu, chaji inapanda, ikifika kiwango chake kalisiamu inaingia kwa kasi na mkondo unatoka. Kisha zinaanza upya, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Neva na adrenalini hupunguza au kuongeza mwendo tu. Hata moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zimekatwa, hupiga wenyewe.

Mkondo ukishavikaza vyumba vya juu, hukutana na ukuta wa nyuzi usiopitisha umeme. Njia ni moja tu: kifundo cha pili, alichokieleza Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906. Hapo mkondo hucheleweshwa takriban sekunde 0.1, damu ipate kumalizikia chini kabla vyumba vya chini havijakaza. Kwangu mimi, hakuna kitu cha ajabu moyoni kuliko kuchelewa huko.

Kwa mama, njia hiyo ndiyo iliyoziba. Mara nyingi ni uzee, nyuzi za njia hiyo zimekakamaa. Mara nyingine ni dawa, zikiwemo baadhi za presha, kwa hiyo mpelekeeni daktari wake dawa zote anazotumia, ila asiache yoyote bila kuambiwa. Itazameni karatasi ya ECG: vilima vidogo vya vyumba vya juu vinakwenda kwa mwendo wao, vilele virefu vya chini kwa mwendo wao, havisubiriani. Seli za chini nazo hujiwasha, ila polepole, 20 hadi 40 kwa dakika. Hizo 36 huenda ndizo zinazomweka hai. Tatizo haziaminiki: zikisita sekunde kadhaa, ubongo unakosa damu, naye anaanguka.

Hali hii kwa kawaida hutibiwa kwa pesimeka, yaani kifaa kidogo cha kuendesha mapigo ya moyo. Waya hupitishwa kwenye mshipa karibu na bega hadi chumba cha chini. Kifaa husikiliza, na pigo lisipokuja kwa wakati wake, hulianzisha. Kama dawa si chanzo na mmeshauriwa awekewe, msiahirishe. Akizimia tena kabla ya hapo, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.