Kabla hujajaza programu kwenye kikokotoo chako

Mwaka niliosoma kalkulasi, kikokotoo changu cha TI-84 Plus kilikuwa kimesheheni programu, zote nimezihamisha kwa waya kutoka kwa mwenzangu. Nyingine sikuwahi hata kuzifungua. Nikajiona nimejipanga kweli kweli. Jaribio la kwanza likaja na swali la kukadiria eneo chini ya grafu, ila fomula hakuna. Tumepewa jedwali lenye thamani tano basi. Programu yangu ilidai fomula. Nikabaki nakodolea skrini macho.

Kwa hiyo wewe unayeanza, nakuomba jambo moja: programu ambayo hukuiandika mwenyewe usiiingize. Ukishaiandika na ikafanya kazi, utagundua huihitaji sana tena, maana hesabu yenyewe imeshakaa kichwani.

Anza na jumla ya Riemann, yaani kukadiria eneo chini ya grafu kwa kulijaza mistatili. Ni mistari michache tu. Programu inakuuliza A na B, yaani mwanzo na mwisho, na N, idadi ya mistatili. Inagawanya B − A kwa N na kuhifadhi jibu kama D, upana wa kila mstatili. Inaweka S kuwa 0. Halafu inazunguka, I ikitoka 0 hadi N − 1, na kila mzunguko inaongeza kwenye S kimo cha grafu pale A + I × D. Mwisho inaonyesha S × D.

Utakwama kwenye ile N − 1, nakuhakikishia. Mimi niliandika N, majibu yakanikataa, nikalaumu betri. Chora mistatili sita iliyoshikana uhesabu kuta zake zilizosimama: ni saba. Ukipima vimo kwa kuta za kushoto, ukuta wa mwisho haumo. Anzisha mzunguko kwenye 1 uishie N, umepata jumla ya kulia. Weka I + 0.5 badala ya I kwenye ile ya kwanza, umepata ya katikati.

Sasa ijaribu kwa kitu unachokijua. Eneo chini ya x² kutoka 0 hadi 3 ni 9 kamili. Kwa mistatili sita, kushoto inatoa 6.875 na kulia 11.375. Wastani wa hizo mbili, ambao ndio kanuni ya trapeza (kila kipande kinafunikwa juu kwa mstari ulionyooka unaounganisha nukta mbili za grafu), ni 9.125. Katikati inatoa 8.9375. Ziangalie tofauti: trapeza imezidi kwa 0.125, katikati imepungukiwa 0.0625. Nusu yake, tena upande wa pili! Grafu hii inapinda kuelekea juu, kwa hiyo mstari unaounganisha nukta zake mbili hupita juu yake, na trapeza lazima izidishe. Watunga mitihani hulipenda sana swali la "kadirio hili limezidi au limepungua, na kwa nini?", na hilo hakuna programu itakayokujibia.

Ukishaizoea hiyo, andika ya Euler, inayofuata mteremko hatua kwa hatua kukadiria grafu, na ya Newton, inayotafuta x inayofanya fankisheni iwe 0. Ni mizunguko ileile kwa mavazi mengine. Kwa Newton, jaribu x³ − 2x + 2 ukianzia 0. Itakupeleka 1, ikurudishe 0, kisha 1 tena, mpaka uchoke wewe. Mashine haijaharibika. Ndivyo njia hiyo inavyoweza kugoma ukichagua mahali pabaya pa kuanzia.

Kuna mtego mwingine. Amri ya nDeriv, inayotafuta mteremko wa grafu, haijui kalkulasi. Inachukua nukta mbili, moja kila upande, zilizo umbali wa 0.001 usipoibadilisha, na kupima mteremko kati yao. Iulize mteremko wa thamani kamili ya x pale 0: itakujibu 0 bila aibu, wakati pale pana kona na mteremko haupo. Kwa 1/x pale pale 0 itakupa 1,000,000, ilhali fankisheni yenyewe haina thamani hapo. Na ukiona mteremko wa sine pale 0 unatoka 0.01745 badala ya 1, kikokotoo kinapima pembe kwa nyuzi. Kirudishe kwenye radiani, kipimo cha pembe kinachotumika kwenye kalkulasi. Hili limeangusha watu wengi kuliko integrali (hesabu ya eneo chini ya grafu) yoyote ngumu.

Soma sheria za mtihani wako mapema. AP Calculus, mtihani wa kalkulasi wa Marekani, kwa mfano, katika mfumo wake uliozoeleka ina maswali 45 ya kuchagua, na kikokotoo kinaruhusiwa kwenye 15 tu. Ya kujieleza ni sita, kinaruhusiwa kwenye mawili. Mitihani mingine hutaka kikokotoo kiwekwe kwenye hali ya mtihani, ambayo hukufungia programu zako zote.

Na zihifadhi programu kwenye kumbukumbu ya kudumu, ile Archive, kwa sababu RAM, kumbukumbu ya muda, ikifutika zinakwenda nayo. Zangu zilifutika wiki moja kabla ya mtihani. Ile ya Riemann niliiandika upya nikiwa nimesimama foleni, bila daftari.