Kibali cha kazi kikitoka, je, nianze kazi?

SWALI: Mimi ni raia wa Zambia, fundi mitambo. Mwajiri wangu wa Kariakoo anasema kibali cha kazi kikitoka, Jumatatu niripoti kazini. Ni sawa?

JIBU: Bado, ndugu yetu. Vibali ni viwili. Cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Hicho ndicho kinachokupa njia ya kuomba cha pili, kibali cha ukaazi daraja B (cha wageni walioajiriwa), Idara ya Uhamiaji. Subiri viwe vyote viwili mkononi.

Maombi mengi hukwama kwenye cheo. Mkataba unasema "meneja wa karakana", fomu inasema "fundi mitambo", cheti ni cha umeme. Ofisa atauliza wewe ni nani hasa, na ana haki ya kuuliza. Andikeni cheo kimoja kila mahali, kinacholingana na vyeti vyako.

Pia mwajiri aandae mpango wa kurithisha ujuzi: Mtanzania gani utamfundisha, kazi zipi, kwa muda gani. Mpango usio na jina la mtu haumshawishi yeyote.

Kibali cha kazi hudumu hadi miezi 24, huhuishwa, lakini jumla ya muda wake ina ukomo kisheria. Na kimefungwa kwa mwajiri huyo. Ukihamia kwingine, unaomba upya.