Ubuntu haiioni SSD mpya

Pole ndugu yangu. Kama SSD yako ya NVMe (aina ya diski ya kasi) inaonekana kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) lakini unaposakinisha Ubuntu, ikifika hatua ya kuchagua diski haionyeshi kitu, usikimbilie kuirudisha dukani. Mara nyingi chanzo ni Intel RST, au VMD kwenye mashine za karibuni; hizi ni njia za Intel za kusimamia diski. Ingia BIOS, zima hiyo, weka AHCI (hali ya kawaida ya diski), kisha washa tena kwa flashi yenye Ubuntu. Fungua terminali uandike lsblk, amri ya kuorodhesha diski; ukiona nvme0n1, yaani SSD yako, endelea kusakinisha.

Ila tafadhali, kama bado una Windows humo: nakili mafaili yako, hifadhi ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows), na kupitia msconfig, zana ya Windows ya kupanga inavyowaka, iweke iwake kwa Safe Mode (hali ya vitu vya msingi tu) kabla hujagusa BIOS. Ukiruka hapo, Windows inaweza kugoma kuwaka.