Kava kwanza au video kwanza?
Ndugu, umeuliza kama mtengeneze kava la albamu kabla ya kurekodi video ya mradi wenu wa chuo. Anzeni na video, kwenye karatasi: andikeni kila ubeti na kiitikio kinaanza sekunde ya ngapi, kisha mchore kitakachoonekana. Siku ya kurekodi, pigeni wimbo kwa spika na msanii auimbe wote katika kila eneo. Bila hivyo midomo haitafuatana na sauti, na watazamaji hulinasa hilo mara moja. Siku hiyohiyo pigeni picha za mnato za kava, mavazi na mwanga vikiwa vilevile. Fremu ya video mara nyingi huwa na ukungu, tena ni mstatili mpana wa 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) ilhali kava ni mraba, kwa kawaida pikseli 3000 kwa 3000. Mwishoni litazameni likiwa dogo kwenye simu: jina lisiposomeka, kuzeni herufi.