Na la tano je? Kwa vijana wanaotaka kuanzisha mtandao wa asasi huku Kusini

Septemba 2015 nilisimama nyuma ya mkutano wa kampeni, kata moja ya Tandahimba, mkoani Mtwara, jua la saa kumi likinipiga kisogoni. Mgombea alikuwa anamwaga sera. "Jambo la kwanza," akasema, nami nikatega sikio, kwa sababu jambo la kwanza lilikuwa letu, limetoka kwenye karatasi ya madai ya mtandao wetu wa asasi. La pili letu. La tatu na la nne maneno yetu yale yale, hadi "makato yasiyosomeka kwenye stakabadhi ya mkulima", ambayo niliyaandika kwa makapeni kwenye bango kitita wiki saba kabla. Kisha, bila kupepesa, akasema: "Jambo la sita..."

Bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa juu ya kanga akapaza sauti: "Na la tano je, mwanangu?" Watu wakaangua kicheko. Mgombea naye akacheka, akaendelea na la sita.

Karatasi yetu haikuwa na la tano. Nitalirudia.

Wiki iliyopita vijana wawili wa Masasi wameniandikia. Wana asasi yao ndogo, wanataka kuiunganisha na nyingine kumi na kitu ziwe mtandao, na wananiuliza wafanyeje mtandao usiwe wa kisiasa. Nimekuwa mratibu wa mtandao wa namna hiyo miaka tisa, kati ya Mtwara na Lindi, kwa basi, kwa bodaboda na mara nyingine kwa lori la korosho. Jibu langu ni kwamba huo msemo muuweke kwenye katiba ya asasi kama utawafurahisha, ila msiuamini. Mkikusanya vikundi ishirini vikakubaliana nini kimewachosha, mmeshaingia kwenye siasa za vyama, mtake msitake. Mnachoweza kukwepa ni kufungamana na chama, na hilo ndilo la kulinda kwa meno.

Sababu imo kwenye Katiba yetu. Tanzania haina mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania mahakamani miaka mingi, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, na hadi leo anayetaka udiwani, ubunge au urais lazima adhaminiwe na chama. Kwa hiyo mkulima wa Nanyamba mwenye hoja nzuri hana mlango wake mwenyewe. Hoja yake itapita kwenye mlango wa chama au haitapita kabisa, na vyama vinajua hivyo, ndiyo maana wanakuja kwenye midahalo yenu kabla hamjawaalika.

Baada ya ule mkutano wa Tandahimba nilikasirika siku mbili. Tumeibiwa! Mwenyekiti wetu, mzee mmoja aliyewahi kuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, akanicheka. "Mama, ulitaka wasome karatasi ya nani?" Wiki mbili baadaye mpinzani wa yule mgombea akasimama kata ya jirani akajibu mambo yale yale, moja baada ya jingine, kwa hasira. Wagombea wawili wanaochukiana wakawa wanabishana juu ya karatasi iliyoandikwa darasani na watu wasiogombea chochote. Hapo nikaelewa kazi ya mtandao. Kura hatuigusi. Tunaamua swali ambalo wao watalazimika kulijibu.

Wenzetu wa mbali wameifanya kazi hii kwa ustadi wa kutisha. Someni habari za jimbo la Colorado, Marekani. Mwaka 2004 matajiri wanne walikaa pamoja na wanaharakati na vyama vya wafanyakazi, wakagawana majukumu. Huyu afanye utafiti wa maoni, yule aandikishe wapiga kura, mwingine asimamie kesi, mwingine vyombo vya habari, na wote wazingatie viti vichache vya bunge la jimbo vinavyoweza kugeuka. Mwaka huo huo chama cha Democratic kikachukua mabaraza yote mawili ya bunge hilo, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa zaidi ya miaka 40. Mmoja wa wale wanne, Jared Polis, mwaka 2019 akawa gavana. Kule sheria inazizuia asasi zenye hadhi ya hisani kumpigia debe mgombea, lakini ina aina nyingine za asasi zinazoruhusiwa, na watu wanajua kuzipanga pamoja.

Sisemi mkaige. Hatuna matajiri wanne, na tungekuwa nao ningewaogopa. Nilichojifunza ni ule mgawanyo. Mtandao wangu ulikuwa na asasi 23, na karibu zote zilifanya "uhamasishaji". Ukiuliza nani anaweza kusoma bajeti ya halmashauri ukurasa kwa ukurasa, kimya. Nani anamjua karani wa kamati ya Bunge? Kimya. Nani ana gari? Mikono mitatu juu. Mkianza, kabla ya kununua muhuri, kila asasi iseme itafanya kazi gani ambayo jirani yake hataifanya.

Kuhusu gesi, nitasema wazi, na najua baadhi ya wenzangu watanuna. Tarehe 27 Desemba 2012, watu walipoandamana mjini Mtwara kupinga gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, vyama kadhaa vya upinzani vilitembea pamoja, na nyuma yao walikuwemo wavuvi, wauza samaki, waendesha bodaboda, watu ambao hawajawahi kusaini karatasi ya mahudhurio ya semina yoyote. Asasi zilizosajiliwa, yetu ikiwemo, tulikuwa tunaandika maandiko ya kuomba ruzuku. Tulikuwa na ofisi, tulikuwa na kompyuta, na kaulimbiu ya "gesi haitoki" hatukuitunga sisi. Mei 22, 2013 bajeti ya Nishati iliposomwa Dodoma, mji ukalipuka, wanajeshi wakaletwa, watu wakafa, nyumba zikaungua. Mwezi mmoja kabla, Liwale nako paliwaka kwa sababu ya malipo ya pili ya korosho. Bomba likajengwa, na mwaka 2015 likakamilika.

Lakini angalieni masanduku ya 2015. CUF, ikiwa ndani ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, ikachukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Liwale, Mchinga na Kilwa zote mbili, Ndanda ikaenda Chadema. Na mwaka 2020, upinzani uliposalia na viti vya kuhesabu kwa vidole Bara nzima, Mtwara Vijijini, huko Msimbati na Madimba gesi inakotoka, ikampeleka bungeni Shamsia Mtamba wa CUF. Mtandao usioandikwa popote, wa misiba, vikoba, magenge ya kahawa na vijiwe vya bodaboda, ulibadilisha ramani ya vyama kuliko makongamano yetu yote. Kwa hiyo kabla ya kuandika katiba yenu ya kurasa kumi na mbili, nendeni mkakae vijiweni. Kama hamsikilizwi pale, hamtasikilizwa na mgombea.

Sasa la muda, ambalo ndilo lililotugharimu zaidi. Sisi tulizoea kuandaa mdahalo Oktoba, wiki mbili kabla ya uchaguzi, kwa sababu ndipo fedha za mfadhili zilipofika. Oktoba mmechelewa. Katika majimbo mengi ya huku vita yenyewe ni kura za maoni za kupata mgombea ndani ya CCM, Julai au Agosti, na ikifika kampeni mshindi ameshajulikana. Wajumbe wanaopiga kura hizo ndio wapiga kura wenu wa kweli. (Mwaka 2020 nchi nzima iliimba kwamba wajumbe si watu wazuri. Wengine ni mama zetu, tunanunua nao dagaa.) Swali lenu liwe limeshazagaa kwenye vijiwe kabla watia nia hawajachukua fomu, ili mtia nia akifika kumsalimia mjumbe aulizwe yeye, nyumbani kwake, mkekani.

Vivyo hivyo Bungeni. Mwaka 2018 Serikali ilipotaka kubadili sheria ili ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa inarudi kwenye zao, uingie wote Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa Kusini walisimama, wa CCM na wa upinzani. Ilikuwa raha kuwasikiliza. Chama kimoja kiliweza kupasuka katikati kwa sababu ya zao. Sisi tulituma tamko letu Juni, muswada ukiwa mezani tayari, na ulipita. Tamko la Juni ni salamu za rambirambi. Mngekuwa na hesabu za ushuru ule za kila halmashauri Februari, wakati bajeti zinapikwa, hao wabunge wangekuwa na cha kushika mkononi zaidi ya hasira.

Sheria msizichezee. BAWATA, baraza la wanawake lililokuwa na nguvu nchi nzima, lilifutiwa usajili mwaka 1997 kwa kuambiwa linafanya siasa, na kushinda mahakamani kulichukua zaidi ya miaka kumi. Elimu ya mpiga kura ina kibali chake cha Tume ya Uchaguzi. Na tangu marekebisho ya 2019, taasisi inayotaka kutoa elimu ya uraia au kukijengea uwezo chama cha siasa lazima imtaarifu Msajili wa Vyama siku 30 kabla. Andikeni barua, ipokelewe, igongwe muhuri, kopi ibaki kwenye faili. Afisa maendeleo ya jamii wa wilaya mfanyeni rafiki mapema, si siku ya kumwomba.

Na orodha ya mahudhurio! Hapa ndipo nilipoumia. Miaka tisa tulikusanya majina, kata na namba za simu za watu elfu kadhaa, kwa sababu wafadhili walitaka ushahidi kwamba nauli zimelipwa. Mwenzangu mmoja ofisini, nampenda hadi leo, akatia nia ya viti maalumu vya wanawake. Hakuna ubaya, viti maalumu ni mlango halali na wanawake wengi wa asasi wamepita hapo. Lakini Jumapili moja asubuhi simu zikaanza kuita kijijini: watu wetu wamepokea ujumbe wa kumwombea kura, kwa majina yao, kata zao zimetajwa. Ndani ya mwezi asasi sita zilijitoa. Mtendaji mmoja wa kata, ambaye tulikuwa tunamwalika kwenye chai, akatunyima ukumbi, na sikuweza kumlaumu. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo sasa hata sheria itawauliza. Orodha ikae kwa watu wawili wasio na nia ya kugombea, na anayetia nia aage ofisi kwa maandishi siku hiyo hiyo, aache funguo na laini ya ofisi mezani.

Sasa la tano.

Siku ile darasani, baada ya jambo la nne, wanawake wa vikundi vya vikoba walisimama. Walisema: palizi tunalima sote, kuokota tunaokota sisi, kubangua tunabangua sisi, lakini fedha anapokea aliyeandikwa kwenye chama cha msingi, na aliyeandikwa ni mume. Msimu ukifunguka wengine hatumwoni mpaka zimeisha, au anarudi na mke mdogo. Tuandikwe wote wawili. Darasa likachafuka. Viongozi wa vyama vya msingi wakasema hilo ni la chumbani. Mzee mmoja akatishia kuondoka na watu wake. Nikafanya nilichofundishwa kwenye semina za maridhiano, nikaandika "5." nikaacha nafasi, nikasema tutalirudia baada ya chakula. Baada ya chakula tukafungua karatasi mpya tukaanzia la sita.

Aliyenakili kwa ajili ya mgombea alinakili vizuri mno.

Mwaka jana nilipita tena kata ile, kwenye msiba. Bibi wa kanga bado yuko, amekonda, ameshika fimbo. Alinitambua kabla sijamsalimia. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanishika kiganja asikiache.

"Mmeshaliandika?"

"Bado, bibi."

"Basi njoo kesho asubuhi na ile karatasi yako kubwa," akasema, "wanaume wakiwa wamekwenda shamba."