Muulize Mjomba: Bunduki ya Mbao na Bunduki Nyeusi

SWALI: Shikamoo Mjomba. Ninasoma chuo hapa Houston, Marekani, mwaka wa pili. Rafiki yangu wa darasani, Mmarekani, alinialika kwao shambani. Baba yake akatoa kabatini bunduki ya kitako cha mbao, ile ya kushusha na kupandisha mkono wa chuma kila ukifyatua, akasema hii ndiyo bunduki. Kijana naye akaleta AR-15, nyeusi tupu, ina darubini na vikorokoro kibao. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Jumamosi ijayo wananipeleka kulenga shabaha. Haya ni mambo ya mitindo tu? Na mimi nishike ipi? – Msomaji, Houston

JAWABU: Marahaba, mpwa wangu. Naanza na la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja: usishike yoyote. Aliye Marekani kwa viza ya mwanafunzi anakatazwa na sheria ya serikali kuu kuwa na bunduki au risasi mkononi, hata ya kuazimwa, hata kwa dakika tano. Vipo vighairi vichache, kinachojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye ukaazi wa kudumu hafungwi na katazo hilo. Wenyeji wako watakwambia haina neno, na hawakudanganyi. Sheria hiyo haijawahi kuwagusa. Kamwone kwanza mshauri wa wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. Nimesimamia usalama kwenye uwanja wa shabaha huku Texas miaka kumi na moja, na vijana wetu niliowarudisha mlangoni ni wengi. Wengine walininunia. Bora waninunie mimi kuliko wapoteze masomo.

Sasa ugomvi wa mezani. Bunduki ya mzee, kwa ulivyoieleza, ni ya ukoo wa Winchester ya 1894 aliyoibuni John Browning. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 7, na kiwanda chake cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Ukipata nafasi tazama kitako pale shavu linapolala: mbao ya mjozi huwa imepauka na kulainika kwa miaka ya kuegemewa. Mzee akishika hapo anamshika baba yake.

Ya kijana unaiona mpya, lakini Eugene Stoner aliibuni miaka ya 1950 katika kampuni ya ArmaLite, na Colt wakaanza kuwauzia raia mwaka 1964. Kwa miaka mingi wawindaji waliiona silaha ya askari, isiyofaa porini. Kati ya 1994 na 2004 sheria ya serikali kuu ilizuia kutengeneza nyingi za aina yake kwa ajili ya raia. Sheria ilipokwisha muda, soko likafunguka, tena wakati huohuo askari walikuwa wanarudi kutoka Iraki na Afghanistan wakiwa wamezoea mikononi ndugu yake ya kijeshi. Halafu teke lake, yaani jinsi inavyorudi begani ukifyatua, ni dogo, na kijana anaweza kuifungua jikoni, abadili kitako, abadili mtutu, aongeze kiwambo cha sauti, kile cha kupunguza mlio. Kiwambo chenyewe kilitozwa kodi ya dola 200 tangu 1934. Kuanzia mwaka 2026 kodi imeshuka hadi sifuri, ingawa kusajili ni lazima bado.

Lakini mitindo peke yake haielezi. Kilichobadilika ni sababu ya kuwa na bunduki. Kura ya maoni ya ABC News na Washington Post iliwauliza wenye bunduki mwaka 1999 sababu yao kuu: asilimia 49 walisema kuwinda, 26 kujilinda. Kituo cha utafiti cha Pew kilipouliza mwaka 2013, waliosema kujilinda walikuwa 48, kuwinda 32. Hilo naliona kwa macho uwanjani. Zamani mtu alikuja Oktoba, akapiga risasi sita kuhakiki darubini yake, akaenda kumtafuta kulungu. Siku hizi wanakuja kila wiki na bastola, wanamaliza boksi mbili, na shabaha yao ni karatasi yenye umbo la mtu. Mpwa wangu, hilo linaniuma. Babu yangu kule Sikonge alikuwa na gobore. Alishindilia baruti moja, akatembea kutwa, na mara nyingi alirudi hajafyatua. Majimbo mengi ya huku bado yanatenga msimu wa kuwinda kwa gobore, na ninapomwona kijana anashindilia yake kwa utulivu ule, moyo unatulia.

Kwa hiyo nenda Jumamosi, lakini kama mtazamaji. Waombe wabadilishane: mzee apige nyeusi, kijana apige ya mbao. Nimeona baba na mwana wakianza kuzungumza upya kwa njia hiyo.

Na uvae shati la kola. Siku moja ganda la risasi, moto kama kaa, lilimwingia dada mmoja kifuani kupitia gauni la shingo wazi. Akaruka, akageuka na bastola mkononi, kidole kikiwa kwenye kifyatulio, mtutu ukapita mbele ya matumbo ya watu wanne kabla sijamshika kifundo cha mkono. Kaa nyuma ya mstari, miwani usoni, masikio yamefunikwa, kifungo cha juu kimefungwa.